Atakayekuuguza

Siku hizi dereva wa bodaboda hajichagulii glavu. Sheria inataka achaguliwe na mtu atakayemuuguza akianguka. Wangu mimi ni mama mkwe, kwa hiyo nilienda naye dukani roho mkononi. Glavu za mume wangu, Nuhu, alizichagua yeye pia, laini na za kupendeza. Siku Nuhu alipoanguka zilichomoka, akaburuzika kwenye lami mikono mitupu.

Muuzaji akaanza kusifia rangi. Mama wala hakumsikiliza. Alizigeuza glavu nje ndani, akakagua mishono, akazisugua kwenye kizingiti cha zege kama anayesugua magaga. Kisha akanivalisha, akanikaza mkanda wa kifundo, akavuta kwa nguvu zake zote hadi nikapepesuka.

"Mama, utaziharibu!" muuzaji akalalamika.

"Kama zinaharibika, nataka ziharibikie hapa," akajibu.

Mwishowe ikapatikana jozi ya ngozi nene ambayo haikuchunika wala kuchomoka. Mama akaweka kidole kwenye mashine ya kuthibitisha. Nikashusha pumzi.

Nyumbani, wakati wa chakula, Nuhu alitaka kuzijaribu mwenyewe. Akanibana mkono kati ya viwiko vyake, akavuta, akavuta tena.

"Hizi hazitoki, mke wangu!" akasema, akaangua kicheko. Nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Mama hakucheka. Alisubiri mwanawe anyamaze, kisha akamtia tonge mdomoni.