Kitenge cha Mokami

Masufuria ya Mokami yalikuwa yameshafungwa nyuma ya pikipiki, na mwenyewe ameshapanda, amejitanda kitenge chake cha kijani. Hakuondoka upesi. Alikaa pale kama mtu anayengoja kuitwa.

Mzee Nashoni hakumwita. Alisimama mlangoni na fimbo yake, magoti yakimwaka moto, akamwambia dereva, "Mfikishe Nyarero kwa kaka zake. Waambie nimewarudishia mtu wao."

Kijiji kizima cha Itiryo kilishangaa. Mzee alioa wake watatu. Wawili walishakufa, Mokami ndiye aliyebaki, na ndiye aliyejua kidonge kipi kinamezwa kabla ya uji na kipi baada ya uji. Waliokuja kumsihi aliwajibu neno moja tu: kikulacho ki nguoni mwako.

Nashoni alikuwa na maradhi matatu, na kila ugonjwa ulikuwa na daktari bingwa wake. Wa moyo alikuwa Musoma, wa sukari Mwanza, wa magoti ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Hakuna bingwa aliyejua habari za mwenzake. Kuendesha nyumba tatu kulimfundisha mzee kwamba ukishiba kwa mke mdogo, kwa mkubwa unakwenda umefuta mdomo. Akaona mabingwa nao ni wale wale: ukimwambia huyu kwamba una yule, atanuna, na mwisho atakutupa. Basi Nashoni akamweleza kila bingwa ugonjwa mmoja tu, akameza dawa za wote, na siri yake akamwachia mtu mmoja tu duniani. Mokami.

Halafu siku moja akaanguka zizini. Alichokumbuka ni jasho jembamba, ng'ombe wakizunguka, kisha giza, kisha dripu katika wodi ya hospitali. Pembe za mdomo zilimuuma na ulimi ulikuwa na ladha ya nguo. Mokami alikuwa kando ya kitanda, macho mekundu.

Daktari alikuja akiwa anajua kila kitu. "Mzee, una mabingwa watatu na unawaficha?" Akamtajia wote, hata yule wa ng'ambo. Akampangia kliniki moja tu, na vidonge vya magoti akavichukua kabisa, eti vinamharibia figo. Vidonge vile ndivyo vilivyokuwa vikimfikisha malishoni kuwatazama ng'ombe wake. Nashoni alijiona amevuliwa nguo sokoni.

Nani alisema? Siri ile ilikuwa kwa mtu mmoja.

Wangwe ndiye aliyekuja kuimaliza kazi. Nashoni na Wangwe walitahiriwa asubuhi moja, na kwa Wakurya mtu wa rika lako hakudanganyi. Afadhali umtilie shaka mama yako. Siku ile Wangwe alikuwa akimuuguza shemeji yake katika wodi hiyo hiyo, kitanda cha mwisho. Masikio yake yamechoka, ukitaka akusikie sharti umpigie kelele, lakini macho bado anayo.

"Mura, nilimwona kwa macho yangu haya," alisema. "Anakushindilia kitenge mdomoni, wewe unarusha mikono. Manesi wanamtoa, anarudi. Yule alitaka kukuziba pumzi."

Kwa hiyo Mokami alimuuza kwanza, kisha akataka kummaliza. Nashoni alilia mbele ya Wangwe bila kuona haya. Maumivu ya magoti alikuwa ameyazoea. Haya yalikuwa mapya, na hayakuwa na bingwa. Akamwita Mokami hapo hapo, Wangwe akiwa kwenye kigoda chake.

"Nani aliwaambia wale madaktari?"

"Siyo mimi, mzee wangu."

"Na kitenge? Ulinishindilia au hukunishindilia?"

"Nilikushindilia."

"Kwa nini?"

Mokami alifungua mdomo. Akamtazama Wangwe, akamtazama mumewe, akaufunga. Kisha akaingia ndani kukusanya masufuria yake. Wangwe hakubanduka pale mpaka pikipiki ilipokuja.

Siku ya kliniki Nashoni alikwenda peke yake, dawa zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nesi Kokushubira, Mhaya aliyehamishiwa huku kikazi, alimwamkia shikamoo, akaumimina ule mfuko mezani. Vidonge vya asubuhi vilikuwa vimechanganyika na vya jioni, vingine vimelowa.

"Mama yuko wapi leo?" aliuliza. "Yeye huwa anavifunga vizuri kila kimoja na kitambaa chake."

"Nimemrudisha kwao. Sikai na msaliti. Aliwapa ninyi siri zangu."

Nesi aliacha kupanga vidonge.

"Yule mama? Mzee, yule hakutupa hata neno moja. Sukari yako ilikuwa imeshuka sana, na ikishuka vile mtu anaropoka kama mlevi. Uliketi kitandani ukawataja mabingwa wako wote kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Sisi tunamsihi, mama, mwache aseme, tujue amemeza nini. Yeye anakuziba tu mdomo kwa kitenge chake, analia, anasema, 'Msimsikilize, mzee wangu hajui anachosema. Mtamwaibisha mbele ya rika lake.'"