Mkeka wa Saumu

Mwalimu Tunu alitandua mkeka wa kitandani kwake, wa mwisho kusukwa na marehemu bintiye Saumu, akaenda nao shuleni. Mwaka huo mpya alikuwa amepewa kazi ya kuwafundisha watoto kusuka, na kupanda nao mikindu upya kwenye bwawa lililokauka. Miche ilikuwa nje ya darasa, ndani ya makopo, haijafika hata kimo cha kidole. Ukindu wa kusukia, yaani majani makavu ya mikindu, haukupatikana tena mji mzima.

Akashika kisu, akakata mshono wa kwanza.

"Mwalimu, unauharibu!" alisema Kibibi, aliyekaa mbele.

"Sasa mtasukia nini, mwanangu? Upepo?"

Waliufumua wote, wakaulowesha ukindu kwenye beseni, kila mtoto akapata fungu lake. Tunu akawa anapita akiwarekebisha, hadi alipomfikia Kibibi akasimama. Ukili wa Kibibi, ule utepe aliokuwa akiusuka, ulikuwa unapinda kushoto.

Hivyo ndivyo Saumu alivyosuka maisha yake yote, na ni kwa hilo Tunu, mama yake, alikuwa akimgombeza. Maji yalikuwa yameulainisha ukindu, lakini hayakufuta mikunjo ya vidole vya Saumu, na sasa vidole vya Kibibi vilikuwa vinaifuata.

"Nimekosea, Mwalimu?"

Tunu alinyoosha mkono ili aufumue, kama alivyozoea. Mkono ukabaki hewani.

"Endelea," alisema. "Endelea hivyo hivyo."

Kibibi akainama tena, na ukili ukazidi kurefuka mapajani pake, ukipinda.