Mama wa Sikioni

Sheria ilimtaka kila mwanamume asiyeoa avae sikioni kidude chenye sauti ya mama yake, asikivue hadi siku ya ndoa. Basi Salha alipochumbiwa na Mbaraka, alichumbiwa pia na mama mtu, Bi Mwanakheri, aliyemchukia tangu siku ya kwanza.

"Mama anasema unacheka kama punda," Mbaraka alimwambia kwa aibu.

"Mwambie punda huyu haondoki."

Salha na mama mkwe walitukanana hivyo miaka miwili. Hatimaye, mbele ya msajili wa ndoa mjini Tanga, Salha alikichomoa kidude kwa mkono wake, Bi Mwanakheri akifoka ndani yake mpaka kikazimika. Salha akajipigia vigelegele.

Wakaenda hotelini kula. Mhudumu alipomuuliza Mbaraka atakula nini, jasho lilimtoka. Akamgeukia mkewe.

"Mimi napenda nini?"

Salha alidhani ni utani, lakini Mbaraka alikuwa anangoja jibu kweli.

"Samaki," akamwambia. "Na ukae vizuri, usijikunje."

Mbaraka akanyooka upesi, uso umemchangamka. Salha akaisikia sauti yake mwenyewe, na hamu ya kula ikamwisha.