Nungunungu Alivyoisikiliza Ardhi

Ardhi ilipotikisika, wanyama wa bonde lililokauka walisema imewachoka, wakaanza kuhama. Nungunungu, mlafi wa matikiti, alilaza sikio chini.

"Twende, ndugu yangu, tutamezwa," alisema Swala mwoga.

"Miamba iliyokuwa ikisukumana huko chini imeteleza tu," alijibu Nungunungu. "Mimi tikiti silipasui bila kuligonga, nijue ndani likoje. Leo ardhi imejigonga yenyewe. Kwenye mawe mtikisiko ulivuma, hapa ukafifia kama mlio wa tikiti lililojaa maji. Hapa chini pana maji."

Swala hakuamini, ila kiu ilimzidi, wakachimba pamoja mpaka maji yakabubujika.

Kesho yake ardhi ilitikisika tena. Wanyama waliokuwa wamerudi kunywa walipotaka kukimbia, Swala alikuwa ameshalaza sikio chini.

"Nyamazeni kwanza," alisema, "nasikiliza."