Mgongo wa Bibi

"Huyu anasikia," mama mkwe alisema, akishika mchi. "Nikimbeba nikatwanga, kila pigo anacheka. Kiziwi gani huyo?"

Nesi wa zahanati alikuwa ametuambia tumshushe mwanangu Eliapenda hospitalini, mjini Same, akapimwe masikio. Alipozaliwa alichelewa kulia, rangi imemgeuka, wakahangaika kumpulizia hewa. Mtoto aliyekosa hewa vile, nesi alisema, anaweza kubaki na shida ya kusikia. Mama mkwe hakutaka hata kulizungumzia jambo hilo.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimempakata mwanangu kizingitini, ananyonya amefumba macho. Bibi yake akamimina tangawizi kavu kinuni, hapo hapo karibu yetu, akaanza kutwanga.

Kope za mtoto hazikucheza. Shavu lake liliendelea kunyonya kwa mwendo ule ule.

Mama mkwe aliona. Akazidisha nguvu mpaka kuku wakakimbilia migombani. Tangawizi ikawa unga, naye bado anatwanga, macho hayamtoki mjukuu wake.

Kisha akauegemeza mchi ukutani, akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kanga. Akauchukua tena mchi, akatwanga pigo moja tu, taratibu.

Eliapenda akacheka.

"Kumbe ni mgongo wangu unaomtikisa," mama mkwe alisema kwa sauti ndogo.

Akauweka mchi chini, mkono mmoja umeshika makalio ya mtoto. Halafu, bila kumfungua, akaingia ndani kutafuta viatu vyake vya kanisani, vile anavyovaa akishuka Same.