Mashine ya Kalamu Haiendi Popote

Wavinya alikuwa ameikalia mashine mzima mzima, unga umemjaa hadi viwikoni, na alikuwa ameshasema hashuki.

"Mathe, shuka tufanye kazi," alisema yule kanjo mrefu, askari wa jiji.

"Fanyeni. Mimi pia niko kazini, si unaona nimekaa?"

Watu wakacheka. Dagoretti Corner haikosi watu, na kanjo wakionekana kwenye kibanda cha mtu, hata aliyekuwa akikimbilia hospitali husimama kwanza aone.

Mashine ilikuwa ya Wambua, fundi wa kukereza kalamu. Ukimletea kipande cha mti anakitoboa katikati, anakifunga kwenye mashine, anakiwekea patasi kikizunguka, na maranda yanaruka mpaka kalamu itokee, nyororo, ina kiuno chake. Hakuna mbili zilizofanana. Alishakereza kalamu kwa tawi la mjakaranda lililoangushwa na mvua, kwa mguu wa kiti cha marehemu baba wa mtu, na kwa mwiko wa Wavinya uliovunjika akisonga ugali wa harusi. Hiyo ya mwiko Wavinya aliichomeka kilembani kila siku, ingawa yeye kazi yake ni chapati na wala haandiki chochote.

Sasa Wambua alikuwa kwao Mwingi, akimzika shangazi yake. Alipoondoka alimwachia Wavinya, jirani yake wa kibanda, ufunguo. "Dada, hii mashine ikienda, mimi sina kazi, na sina pa kuanzia tena." Wavinya akamwambia azike kwa amani.

Na leo wamekuja hawa wawili, makoti marefu na pikapu nyeupe isiyoandikwa chochote. Walikuwa wamekata kufuli na kuishusha mashine sakafuni kabla Wavinya hajaacha kaango lake na kuikalia.

"Hata rangi ya kuandika gari imewashinda," alisema Muigai, fundi wa viatu, "halafu wanataka mashine ya watu."

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza kanjo mfupi. "Ama mtu wa familia yake. Kama hakuna, inaenda."

"Inaenda na mimi juu. Na nikifika huko mtanipikia, maana nyinyi mmenitoa jikoni."

Muigai akajaribu kumpigia Wambua. Simu ilikuwa imezimwa. Nani hupokea simu kaburini?

Hapo mwanamke mmoja akaupasua umati, mtoto mgongoni, akaanguka magoti mbele ya mashine.

"Hii ndiyo inawalisha watoto wangu," alisema. "Mume wangu leo anazika, na nyinyi mmekuja kumzika yeye."

Moyo wa Wavinya ukaruka, na si kwa huruma peke yake. Miaka yote amekuwa akiwaambia watu kwamba Wambua ana mke amemficha mahali. Mwanamume gani anayeishi peke yake hupiga shati pasi namna ile? Wambua alikana, Muigai akamcheka. Leo mke amejileta mwenyewe, tena mbele ya mashahidi.

"Nilisema nini?" akamwuliza Muigai.

"Ulisema," Muigai akakubali.

Mwanamke alijiita Kanini. Wavinya akamsalimu kwa Kikamba, lugha ya kwao Wambua, naye akaitikia vizuri kabisa. Akasema anakaa Kinoo.

"Haya, familia mliitaka, hii hapa," Wavinya akawaambia wale wawili. "Sasa iguseni hii mashine tuone."

Umati ukasogea karibu. Watu wa boda wakazima pikipiki zao, wakashuka mmoja mmoja, bila haraka. Kanjo mrefu akamtazama mwenzake.

"Sawa. Kama ni mke wake, aihamishe yeye mwenyewe. Tukirudi tukute hapa ni peupe."

Wakapanda pikapu, wakaenda zao. Mtoto wa Kanini akaangua kilio, amenyoosha mikono kuelekea barabarani.

"Wamemtisha malaika wa watu," alisema Wavinya, akamtilia kipande cha chapati mkononi.

Kilichofuata kilikuwa sherehe. Dagoretti Corner imewashinda kanjo, na bila jiwe kurushwa. Kanini alisema shemeji yake yuko njiani na gari, ataikuta mashine nyuma ya kituo cha petroli aipeleke Kinoo mpaka mambo yapoe. Wanaume wakaibeba hadi huko wakiimba, wakamwacha nayo, wakarudi wakiimba. Wavinya alikuwa ameshamkumbatia Kanini, ameshamwuliza harusi ilikuwa lini, na ameshaahidi kwenda Kinoo na unga wake mwenyewe.

Alirudi kibandani kufagia maranda. Ndipo alipoziona patasi za Wambua ukutani, zimepangwa kwa ukubwa, hakuna hata moja iliyoguswa. Mke wa fundi kasahau patasi. Maskini, kichwa kimejaa msiba. Akazifunga kwenye aproni, akashika njia.

Alipopinda nyuma ya kituo cha petroli, damu ikamchemka. Pikapu ile ile nyeupe. Mashine ilikuwa imeshapakiwa, yule mrefu anaikaza kamba, na yule mfupi amesimama nyuma ya Kanini, mikono yake kwenye leso iliyombeba mtoto.

Wavinya akachomoa patasi ndefu kuliko zote.

"Mwacheni mama wa watu," alinguruma, akaja mbio. "Mmeona hana mume karibu, sio? Leo mtanijua mimi ni nani."

Yule mfupi hata hakugeuka. Koti alikuwa ameshalivua. Alifungua fundo la leso taratibu, na mtoto akamrukia shingoni, anacheka.

"Baba," mtoto akasema.