Kazi ya Papa

Mwaka wa sitini na nne, pale kijijini Bihambwe, wanaume wenye mapanga waliingia darasa la watoto wadogo, wakitafuta watoto wa wafugaji.

“Kila mutoto aonyeshe kazi ya papa yake,” mmoja wao alisema kwa upole.

Mwalimu Dorothée aliujua mchezo huo wa kuigiza kazi kwa mikono: aliufundisha yeye mwenyewe. Watoto wakaanza kulima hewani kama baba zao, wakicheka.

Katoto kamoja tu kalichuchumaa, kakabana chombo cha maziwa kisichokuwepo kati ya mapaja, vidole vikavuta chini, kushoto, kulia.

Panga likainuka.

Dorothée akachuchumaa kando yake, akakamua naye. “Hii njo somo ya leo,” alisema. “Bote tukamue!”

Darasa zima likachuchumaa.

Yule mtu akashusha panga, akavitazama vidole vya mwalimu.

“Na wewe, Mama, kukamua vizuri vile ulijifunza wapi?”